Nimempa shoga yangu riwaya, kanirejeshea bila neno

"Mimi ni mwanamke wa miaka 43, naishi Wete, Pemba. Nasoma riwaya tangu skuli na sijaacha. Tuko saba tuliosoma darasa moja, na kila mwezi tunakutana kwa mmoja wetu kwa chai. Nikimaliza kitabu kizuri nataka na shoga zangu wakionje, lakini mambo hayaendi. Mmoja nilimpa Vuta N'kuvute, nikamwandikia ndani 'hiki ni wewe mtupu', kwa sababu na yeye aliozwa mdogo kwa mtu mzima. Baada ya siku tatu alikirudisha, akamkabidhi mwanangu mlangoni wala hakuingia ndani. Tangu siku hiyo ananijibu kwa mkato. Wa pili anasema kitabu kinamletea usingizi na kichwa kinamuuma. Wa tatu amekaa na Utengano yangu mwaka wa pili huu. Wengine nikianza kuwasimulia wanasema 'basi, ushatumalizia hadithi'. Juzi nilipiga picha kurasa zote za kitabu kimoja nikawatumia kwenye kundi letu la simu, hakuna aliyefungua hata moja. Mume wangu anasema watu wa huku hawana utamaduni wa kusoma, nisijisumbue. Nikubali? Au ipo namna ya kumpendekezea mtu riwaya akaisoma?"

Dada yangu wa Wete,

Maswali yako ni mengi, lakini moja linawaka moto nawe umelitia katikati kama kwamba ni dogo: shoga yako aliyekabidhi kitabu mlangoni asiingie ndani. Tuanze na huyo. Wenye usingizi na waliokalia vitabu vya watu wanaweza kusubiri.

Wewe ulipoisoma Vuta N'kuvute ulimwona Yasmin, binti mdogo aliyeozwa kwa Bwana Raza, mtu aliyempita umri kupita kiasi. Kisha ukamwona akitoka kwenye ndoa ile, akapokewa na Mwajuma kule mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja, akampenda Denge aliyekuwa akihangaika kumwondosha Mwingereza. Ulikifunga kitabu kifua kimejaa, ukataka na mwenzio ajae vivyo hivyo. Nia yako ilikuwa safi. Sasa kaa upande wake. Yasmin aliondoka. Shoga yako hakuondoka. Alikaa, akazaa, akalea, akaijenga nyumba yake, na yaliyompata katika miaka ile ya mwanzo ameyatafutia pa kuyaweka, pengine pahala ambapo hata wewe hujawahi kupaona. Anafungua kitabu, na kabla hajalifikia neno la mwandishi anakutana na mwandiko wako: hiki ni wewe mtupu. Kwake maneno hayo yana maana mbili, zote mbaya. Ya kwanza, kwamba baada ya miaka yote ya chai na vicheko, ukimtazama bado unamwona yule msichana aliyeozwa. Ya pili, ambayo naamini ndiyo iliyomzuia kuingia ndani: mbona mwenzio aliondoka?

Hukuandika hivyo, najua. Ndivyo kulivyosomeka.

Nalisema hili bila kusitasita kwa sababu kosa hilo nami nimelifanya, tena nikiwa tayari nimeshafanya kazi ya maktaba miaka mingi na kujiona fundi. Shemeji yangu mmoja ni mchukuzi wa mizigo bandarini Mkoani. Nikampelekea Kuli ya Adam Shafi, nikaona nimepatia hasa: riwaya ya wachukuzi wa bandari ya Unguja zama za ukoloni, Rashidi na wenzake, mpaka mgomo wa mwaka 1948. Alikipokea kwa mikono miwili, akalisoma jina juu ya jalada, akaniuliza polepole: "Yaani shemeji, ukiniona mimi unamwona kuli?" Kitabu kikaishia chini ya mguu wa meza ya redio. Nilikikuta hapo Idi mbili mfululizo, na meza kwa kweli ilikuwa imetulia.

Mwaka uliofuata kusi lilikuwa kali, bandari kimya, nami nimekaa barazani kwake na kitabu changu mwenyewe, kimoja katika visa vya Bwana Msa, yule mpelelezi, na Najum mwenzie. Nikacheka. Akauliza nacheka nini. Nikamsomea nusu ukurasa, pale Najum anapodhani ameelewa kesi na hajaelewa kitu, na mwenzie anavuta kiko chake tu. Shemeji akanyosha mkono. "Hebu lete." Sikukiona tena kitabu kile mpaka nilipokuwa nafunga mzigo wa kurudi. Mtu aliyebeba magunia mchana kutwa hakutaka usiku asomewe habari za magunia. Alitaka mtu anayekaa kitini na kufumbua fumbo kwa akili peke yake.

Hapo ndipo lilipo jibu langu, na yatakayofuata yote yanatoka humo. Ukimpendekezea mtu riwaya unadhani unampa habari za kitabu, kumbe unampa habari za vile unavyomwona yeye. Anaposikia "kitabu hiki kinakufaa", sikio lake linasikia "mtu kama wewe". Ikiwa "mtu kama wewe" ni sifa, atasoma. Ikiwa ni kidonda, au kazi yake inayomchosha, au unene wake, au ujane wake, atakirudisha mlangoni. Watu wengi hufikiri kupendekeza vizuri ni kutafuta riwaya inayofanana na maisha ya msomaji. Mara nyingi hiyo ndiyo njia fupi ya kumkera. Kinachofaa kufanana ni raha yake. Angalia hadithi za aina gani humfanya asahau chai ikapoa, ziwe za nani na za wapi.

Kwa hiyo nenda kwake. Nenda kwa miguu yako, bila kitabu na bila wenzenu. Usimtumie ujumbe wa sauti, maana sauti anaweza kuisikiliza mara kumi na kila mara akaipa maana mpya. Mwambie umeandika neno ambalo hukulifikiri na unamtaka radhi. Usianze kumweleza kwamba kitabu ni kizuri na Yasmin ni shujaa, kwani ukimtetea Yasmin utakuwa unamshitaki yeye upya. Akitaka kuzungumza, msikilize. Akitaka kunyamaza, mnyamaze pamoja. Kisha kuna hali moja ambayo si ya kitabu tena wala si ya shoga peke yake. Ukiona wiki zinapita hali usingizi, analia, amejitenga na kila mtu na si wewe tu, msindikize kituo cha afya akaonane na daktari au mshauri nasaha. Na ikiwa utagundua kwamba yanayomuumiza si ya zamani bali yanaendelea nyumbani kwake leo, vipo vituo vya Mkono kwa Mkono hospitalini, vilivyowekwa kwa ajili ya wanaofanyiwa ukatili. Mimi na barua zangu hatutoshi hapo.

Sasa mume wako. Mpe salamu zangu, umwambie kwamba kama watu wa visiwa hivi hawana habari na riwaya, basi nani aliyeziandika? Visiwani humu alizaliwa Said Ahmed Mohamed, mwaka 1947, mwenye hiyo Utengano uliyonyimwa. Unguja kuna Muhammed Said Abdulla, baba wa Bwana Msa, ambaye Mzimu wa Watu wa Kale yake ilishinda shindano la uandishi kabla haijachapishwa mwaka 1960. Kuna Mohamed Suleiman Mohamed na Adam Shafi. Tazama miaka: Kiu 1972, Nyota ya Rehema 1976, Kasri ya Mwinyi Fuad 1978, Kuli 1979, Utengano na Dunia Mti Mkavu zote mbili 1980. Hiyo ni chini ya miaka kumi, kwenye visiwa ambavyo sensa ya 1978 ilikuta watu wasiofika laki tano. Na mwaka 2021, Nobel ya fasihi ikaenda kwa Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948. Anaandika kwa Kiingereza, ndiyo, lakini soma kurasa zake uone ni baraza za wapi zile.

Ila mume wako hajakosea lote. Vitabu huku ni adimu na ni ghali. Ukipanda boti kwenda mjini unarudi na kimoja au viwili ukijitahidi, na bei yake ni kitoweo cha siku kadhaa. Nami nitaongeza jambo ambalo yeye hakulisema: skuli ilituharibia. Wengi wetu riwaya ya mwisho tuliyoisoma tulisomeshwa kwa ajili ya mtihani. Taja wahusika watatu, eleza dhamira kuu, toa mifano ya tashibiha. Mtu aliyekaririshwa hivyo akiona riwaya anakumbuka jasho la chumba cha mtihani. Nimewahi kumuuliza mama mmoja kama amesoma Nyota ya Rehema, akanijibu kwa fahari, "Nimeisoma, nilipata B." Nikamuuliza ilimpendeza? Akanitazama kama nimemuuliza kama hesabu za sehemu zilimpendeza.

Na sisi wapendekezaji tunalichochea. Tunasema "soma hiki, kina mafunzo". Dada yangu, hakuna anayemwita mwenziwe kwenye biriani kwa kumwambia lina vitamini. Ukishataja mafunzo umeshamvika mwenzio sare ya skuli.

Kuna na jambo jingine linalofanyika kichwani bila mtu kujijua. Wewe unapopendekeza kitabu umeshakimaliza. Unakumbuka mwisho wake, machozi yako, lile neno moja lililokupiga usiku wa manane. Mwenzio anakabidhiwa ukurasa wa kwanza, na ukurasa wa kwanza wa riwaya nyingi ni mgumu: majina mapya, mahali usipopajua, watu wanaingia na kutoka kama kwenye arusi ya mtu usiyemfahamu. Wewe mwenyewe ulichechemea hapo. Umesahau tu, kwa sababu furaha ya mbele imeifuta taabu ya mwanzo. Unampa njia usiyoikumbuka tena, kisha unashangaa mbona hafiki. Juu ya hayo umemtia deni. Kila mkikutana anajua utamuuliza "umefika wapi?" Baada ya miezi miwili anaanza kukukwepa, na kitabu anakificha ndani ya kabati ili asikione.

Dawa yake ni kumvusha mwenyewe pale mwanzo. Siku ya chai chagua ukurasa mmoja, si wa kwanza, ule ambao watu wanagombana au mtu anafumaniwa na siri. Usome kwa sauti, dakika tatu basi. Ufunge kitabu palepale penye moto. Usiulize nani anakitaka. Kiweke karibu na birika, uzungumze mambo mengine. Ukiona mkono umekwenda, kazi imekwisha.

Na ukipenda kusimulia, simulia kilichokupata wewe. "Kizuri sana" haimwambii mtu kitu. "Jana nimeunguza wali kwa sababu ya mtu mmoja humu ndani" inamfanya aulize ni nani huyo. Unaona tofauti? La kwanza linamtaka akuamini, la pili linamtaka aulize, na mtu akishauliza mwenyewe hana tena hisia ya kulazimishwa. Wala halimgusi yeye wala maisha yake. Wali ni wako, aibu ni yako.

Hapo tunafika kwa wanaolalamika kwamba unawamalizia hadithi. Malalamiko haya nayapokea nusu. Tangu tukiwa watoto tumesikia hadithi zilezile. Paukwa, pakawa, na kila mtu anajua zimwi litaishia wapi, na bado mtoto anamwambia bibi "rudia". Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld, waliwapa watu hadithi fupi, baadhi yao wakiwa wameshaambiwa mwisho, na walioambiwa wakazifurahia zaidi kwa jumla. Waliofuata kuchunguza jambo hilo hawakukubaliana nao wote, kwa hiyo usiende kulipigia kelele barazani. Ninavyoona mimi ni hivi: riwaya inayosimama kwa watu wake, kama Utengano, haipungui kitu ukijua yatakayomfika Maimuna. Utasoma ili ujue imekuwaje mpaka yakamfika. Riwaya ya upelelezi ni mambo mengine. Ukimtaja muuaji wa Bwana Msa mbele ya mtu ambaye hajasoma, umemwibia, na sitakutetea.

Lakini nahisi shoga zako wanaposema "ushatumalizia" wana lao jingine. Wanakwambia kwa adabu kwamba umezungumza sana. Mkikaa tena, jaribu kuwauliza wao kwanza. Kila mmoja wenu ana hadithi anayoifuata: tamthilia ya Kituruki, kesi ya shamba la jirani, mambo ya wifi. Sikiliza jinsi anavyosimulia, wapi anaharakisha na wapi anakaa. Huyo anayekaa kwenye mali na nani kazaliwa na nani, mpe Nyota ya Rehema, humo mna ardhi na nasaba na mirathi. Anayekaa kwenye mapenzi na tamaa ya pesa, mpe Kiu. Anayepasua fumbo la tamthilia kabla ya wenzake na kujisifu, huyo ni wa Bwana Msa bila shaka. Mwanzishe na Mzimu wa Watu wa Kale, au Kisima cha Giningi, ambayo kwa mtu wa Pemba jina peke yake, la mji wa wachawi katika masimulizi, linatosha kumfanya asogeze kiti.

Kwa mwenye subira kuna Peponi. Ni Paradise ya Gurnah ya mwaka 1994, iliyotiwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis na kutolewa 2022. Kijana Yusuf anatolewa na babake kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni, naye hajui kwamba ametolewa. Anadhani anakwenda kutembea. Inakwenda polepole na haimshiki mtu shati, kwa hiyo usimwanzishie aliyeacha kusoma tangu skuli. Ukitaka sauti ya mwanamke wa hapahapa Zanzibar, mtafute Zainab Alwi Baharoon, ambaye Mungu Hakopeshwi yake ilipata tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili mwaka 2018.

Utengano naipenda mno, lakini ni chungu. Maimuna anafungiwa na babake, Bwana Maksuudi, anatoroka, na dunia inamla. Sikupi ruhusa ya kumpa mtu aliye kwenye msiba au aliyetoka kwenye talaka juzi. Na Vuta N'kuvute yako usiifungie kabatini kwa hofu. Filamu yake ipo, aliiongoza Amil Shivji, ikatoka 2021. Wapo watu wanaoanzia kwenye picha kisha wakatamani kitabu, na mkiitazama pamoja saba nyote hakuna anayenyoshewa kidole.

Shoga yako wa usingizi na kichwa nimemweka mbali na wenzake makusudi, kwa sababu huenda tatizo lake halihusiani na riwaya hata kidogo. Umesema una miaka 43, na mlisoma darasa moja. Ndani ya jicho kuna lenzi inayojikunja ili tuone vya karibu, na kadiri umri unavyokwenda lenzi hiyo hukakamaa. Kuanzia miaka ya arobaini hivi inampata kila mtu, hata aliyekuwa na macho ya mwewe. Misuli ya jicho inajitahidi kuikunja, haikunjiki vizuri, na mtu anachoka, kichwa kinagonga, herufi zinaogelea. Anadhani kitabu kinachosha. Mchunguze kwa hila siku ya chai. Mpe pakiti ya dawa asome maandishi madogo. Akiisogeza mbali mpaka mkono ukanyooka, au akienda nayo mlangoni kwenye mwanga, umeshapata jibu.

Miwani ya kusomea humaliza taabu hiyo, na si aibu, wala haiharibu macho kama wanavyosema mitaani. Lenzi itaendelea kukakamaa uvae usivae. Ila asikimbilie kuvaa ya shangazi yake wala kuokota yoyote sokoni kabla hajapimwa. Aende hospitali yenye kitengo cha macho, kwa sababu wakipima huko huangalia na mengine ambayo mtu hayahisi mapema, kama presha ya macho, au madhara ya kisukari. Na kama kichwa kinauma hata asiposoma, au jicho limeuma ghafla, au anaona duara za rangi kuzunguka taa, au sehemu ya anachokiona imepotea, asingoje chai ijayo. Aende siku hiyohiyo.

Mpaka apate miwani, msomee wewe. Kusikiliza si kusoma kwa daraja la chini. Nimesikia watu wakijivuna kwamba wao husoma kwa macho tu, nami huwauliza kama tenzi zilitungwa zisomwe kimyakimya.

Zile picha za kurasa ulizotuma kwenye simu ziache, tafadhali. Sababu ya kwanza ni hiyohiyo ya macho: ukurasa uliopigwa picha chini ya taa ya sebuleni, kivuli cha mkono wako kikiwa juu yake, unamshinda hata kijana. Ya pili ni kwamba riwaya nzima ikipita simu kwa simu mwandishi hapati hata thumni, na hawa waandishi wetu hawakutajirika. Ukurasa mmoja wa kumtamanisha mtu sioni ubaya wake. Ujumbe wa sauti wa dakika mbili ni bora zaidi, ukisoma wewe kwa sauti yako wanayoijua, na jogoo wa Wete akiwika nyuma.

Kuhusu kuazima, nitakueleza ninavyofanya na usinicheke. Nina vitabu vya aina mbili: vya kuazima na vya kutotoka nyumbani. Cha kutotoka akikitaka mtu namwambia akisomee hapa barazani kwangu, kahawa ipo. Cha kuazima kikitoka nahesabu kimekwenda, kikirudi nashukuru. Huwa nanunua nakala ya pili, hata iliyochakaa, ya zile riwaya ninazozisifu kila siku, kwa sababu najua mdomo wangu utanigharimu. Na saba nyie mnaweza kufanya jambo ambalo mimi peke yangu siliwezi: mchangie kitabu kimoja kila baada ya chai mbili tatu, kiwe cha kundi, kizunguke kwa zamu. Kitabu cha wote hakimtii mtu deni kwa mmoja wenu. Anayefika nusu akakwama apokezane na mwenzake na asiulizwe kitu. Wapo watakaosoma kurasa ishirini wakaacha, na ni haki yao. Mimi mwenyewe nimeacha riwaya nyingi kuliko nilizomaliza, baadhi yake zina tuzo.

Sikuahidi kwamba wote sita watakuwa wasomaji. Ukipata wawili, hayo ni mavuno mazuri, na wengine watabaki kuja kwa chai.

Imebaki Utengano yako ya mwaka wa pili. Usiidai. Siku mkikutana muulize tu, katikati ya mazungumzo, kama alimsamehe Bwana Maksuudi. Akikujibu kwa hasira, au akaanza kumtetea, kitabu kimesomwa na pengine kimesomwa zaidi ya mara moja, basi mwachie, ujinunulie kingine. Akiuliza Maksuudi ndiye nani, mtume mwanao akakichukue, na umwambie akifika asikipokee mlangoni. Aingie ndani, akae, anywe maji kwanza.